Kikasha cha Tonge Moja

Tonge halikuwemo.

Saa tano na nusu Tomoyo alilifinyanga kwa vidole vyake mwenyewe, tonge moja la wali lenye kipande cha plamu chachu ya chumvi juu yake, akalitia kwenye kichumba cha pembeni cha kikasha chake cha chakula na kukifunika. Kifuniko kile kilikaa kwa kubana, hata ukikivuta hewa hulia fyuu, kwa sababu ndivyo alivyokichonga. Sasa ilikuwa saa sita na robo, hewa ililia fyuu kama kawaida, na ndani hamkuwa na kitu, wala punje. Wali wa sehemu kubwa ya kikasha ulikuwa haujaguswa.

Akafikiria panya, kisha akajicheka. Panya gani huyo anayefunua, akala, akafunika tena?

"Baba," aliita, "umekula tonge langu?"

Mzee Isokichi, baba mkwe wake, hakugeuka. Alikuwa ameinamia kikasha kingine akikipaka urushi, utomvu wa mti unaokifanya king'ae na kisioze. "Miaka sabini na tisa hii, meno yamebaki sita," alisema. "Nikianza wizi nitaiba samaki. Tonge la mzimu la nini?"

"Usiuite mzimu."

"Nani kauleta humu, mimi? Nimetengeneza vikasha miaka sitini, hakuna hata kimoja kilichohitaji chumba cha wageni."

Tomoyo akacheka, na siku hiyo mambo yakaishia hapo.

Nyumba ile ilikuwa ya mafundi wa wappa, vikasha vya chakula vya wakata miti wa Owase. Ubao mwembamba wa mti wa hinoki huchemshwa, hupindwa ukiwa bado unafuka mvuke, hubanwa, kisha ncha zake mbili hushonwa kwa ukanda wa gome la mcheri. Tomoyo alipinda na kushona, mzee akapaka. Mwaka ule duka moja kubwa la Nagoya liliwaandikia mafundi wa mikoa mbalimbali, kila mmoja abuni kikasha kitokanacho na hadithi za kwao. Wengine walichora mbweha, wengine wakachora majini wa mtoni wenye magamba. Tomoyo hakuchora kitu.

Kila aliyekulia chini ya mlima ulio nyuma ya Owase anajua habari ya wenye njaa. Ni wasafiri wa zamani waliokufa kwa njaa kwenye njia ya mawe inayovuka mlima, wakabaki hukohuko. Huwaoni. Unatembea zako, umeshiba vizuri, ghafla njaa inakukamata, magoti yanalegea, kijasho chembamba kinakutoka, na usipotia kitu kinywani, hata punje moja, huinuki tena, nawe unakuwa mmoja wao. Ndiyo maana hakuna anayemaliza chakula chake kwenye njia ile. Unabakiza tonge. Basi Tomoyo akakipa kikasha chake kichumba cha tonge hilo, chenye kifuniko chake, ili mtu asije akasahau. Nagoya waliusifu ubunifu huo mpaka wakachoka wenyewe. Hawakujua ulitoka wapi, na yeye hakumwambia mtu.

Mume wake Tatsuo alikuwa mtengeneza njia ile. Aliipandia asubuhi moja ya Novemba, mvua ikinyesha, na sasa ulikuwa mwaka wa pili hajashuka. Watu sabini walimtafuta siku tisa, hawakupata hata kofia. Maziko hayakufanyika, kwa sababu Tomoyo alikataa. Badala yake kila mchana alimwandalia mahali pake, kama wanavyofanya watu wa kule kwa mtu wao aliye safarini: wali kwenye bakuli lenye kifuniko, vijiti upande wake, mto wa kukalia. Ukifunua ukakuta matone ya mvuke ndani ya kifuniko, msafiri yu hai. Sasa niambie, wali wa moto utakosaje kukitoa kifuniko jasho? Tomoyo alilijua hilo kama unavyolijua wewe. Aliyatazama matone yale kila mchana hivyohivyo, na kila mchana alipumua.

Kikasha cha kwanza cha majaribio kilipokauka, aliliweka kando bakuli la zamani, akaanza kumwandalia Tatsuo ndani ya kikasha kipya. Kilikuwa kizuri kuliko vyote alivyowahi kutengeneza, na alitaka mumewe awe wa kwanza kukitumia. Hakukuwa na ubaya wowote moyoni mwake.

Siku ya pili tonge halikuwemo tena. Siku ya tatu alipofunua, chini ya kifuniko kulikuwa na matone makubwa ya maji baridi, na harufu ya majani yaliyooza mvuani. Mwingine angepiga kelele. Tomoyo alikikumbatia kikasha kile kifuani, machozi yakimtoka.

"Umekuja," alinong'ona. "Umekuja, Tatsuo."

Kuanzia hapo alianza kujificha. Saa sita ikikaribia humwambia mzee apumzike, huweka kikasha mahali pa Tatsuo, hutoka nje na kufunga mlango wa karatasi, kisha hukaa upenuni amebana pumzi. Na kweli, baada ya muda mfupi alisikia kutafuna, taratibu, kwa upande mmoja. Tatsuo alikuwa na jino bovu kulia. Miaka kumi na tisa ya ndoa alitafunia kushoto tu, na Tomoyo alimtania kwamba anakula kama ng'ombe aliyelalia shavu. Aliusikia mlio ule akajiuma mkono asilie kwa sauti. Alikuwa mwanamke mwenye furaha, furaha ya kutisha, na mtu mwenye furaha ya namna hiyo haoni kilicho mbele yake.

Mbele yake alikuwa Mayuko, binti yao wa pekee, miaka kumi na saba.

Mayuko alipewa kikasha cha pili akakijaribu shuleni. Kwanza alirudi akiuliza kama kuna kingine cha kula, na babu yake akamtania, "Tumbo hilo umelipangisha kwa nani?" Msichana akacheka na kumaliza sufuria ya supu. Wiki iliyofuata alikuwa anakula mara saba kwa siku na sketi yake inashikiliwa kwa pini. Daktari alimpima damu, akampima mkojo, akasema haoni kitu. Mayuko alikula viazi, alikula samaki na miiba yake, aliinuka mezani akitetemeka magoti, kijasho chembamba kikimtoka puani.

"Mama, mbona sishibi?" aliuliza siku moja, wiki ya sita, na sauti yake ilikuwa ya mtoto mdogo. "Nakula lakini ni kama mwingine ndiye anayemeza."

Tomoyo alimwambia ni umri tu. Aliyasema hayo bila kumtazama usoni, kwa maana saa sita ilikuwa inakaribia.

Mchana ule mvua ya Owase ilishuka kama ilivyozoea, mvua ya kuzima mchana, hata karakana ikawa giza na mzee akawasha taa kule ndani. Tomoyo alikaa upenuni penye mlango, akangoja, na kutafuna kukaanza, upande wa kushoto, taratibu, akatabasamu, lakini kabla tabasamu halijakaa vizuri usoni alisikia kutafuna kwingine nyuma ya kule kwa kwanza, kwa haraka, kwa meno mengi, kisha kwingine karibu na kabati la kukaushia vikasha, kisha kwingine chini ya sakafu alipokalia, na miguu mingi yenye viatu vya majani vilivyolowa ikisogea chwa chwa chwa kuelekea kikasha kimoja chenye tonge moja, na harufu ya majani yaliyooza ikapenya kwenye mlango wa karatasi mpaka karatasi yenyewe ikalowa na kuvimba, na kwenye karatasi ile iliyovimba akaona alama za vidole vikiisukuma kutoka ndani, vidole vyembamba visivyohesabika, na katikati ya vidole vile akasikia pumzi ya mtu anayemjua ikisema, polepole kabisa, "Ongeza."

Roho ilimruka. Kilichomwinua ni sauti ya mzee ikipiga yowe upande wa pili wa nyumba.

Alimkuta Isokichi amemshika Mayuko kwa nyuma. Mtoto alikuwa amechuchumaa chini penye vyombo vya kazi, mbele yake bakuli la uji wa wali uliochanganywa na urushi mbichi, ile gundi ya kuzibia viungo vya mbao. Bakuli lilikuwa limekombwa. Midomo yake ilikuwa imeanza kuvimba na kutoka malengelenge, kwa maana urushi mbichi huwasha hata ukiugusa kwa kidole tu, na bado alikuwa anailamba midomo ile akitafuta masalio.

"Mtapishe!" mzee alifoka. "Tomoyo! Maji! Umesimama nini?"

Walimtapisha na kumwosha, daktari akaja akamchoma sindano. Alipoondoka, Isokichi alimgeukia mkwewe.

"Umekuwa ukimlisha nani kwenye chumba kile?" aliuliza.

"Mwanao."

Mzee akafumba macho. Hakusema, umerukwa na akili. Laiti angesema.

"Ni yeye, Baba. Anatafunia kushoto. Nimemsikia."

"Na wengine je? Mimi nina masikio pia."



Mzee alikwenda mwenyewe, na mwavuli wake uliotoboka, akarudi na Myoen, mtawa wa hekalu dogo la mtaa wa juu. Alikuwa mwanamke mnene wa miaka sitini, kichwa kimenyolewa, mwenye kikohozi na maneno makavu. Alivua viatu, akamtazama Mayuko aliyelala, akafunua kikasha na kukinusa.

"Kazi nzuri," alisema. "Nani kabuni?"

"Mimi, Mama Mtawa."

"Na chakula cha mumeo ulikuwa ukikiweka humu? Cha msafiri aliye hai?"

"Ndiyo."

"Binti yangu," Myoen alishusha pumzi. "Chakula cha msafiri humwita mtu arudi nyumbani. Tonge la njiani hupewa wafu wenye njaa ili wabaki huko huko. Wewe umevitia vyote viwili chombo kimoja. Umewaita wafu warudi nyumbani, na aliyewafungulia mlango ni mumeo. Amekufa, Tomoyo. Amekufa na njaa tumboni, na wenzake wanapita mgongoni kwake. Hawamtaki mzee mwenye meno sita. Wameingia kwa damu yake iliyo changa, kwa mtoto wake."

"Hajafa!"

"Basi kesho mwekee tena, na kesho kutwa, na wiki ijayo tutamzika Mayuko. Chagua."

"Msimfukuze," Tomoyo alilia, amepiga magoti, paji la uso sakafuni. "Nimempata juzi tu. Msimfukuze, nawaomba."

Mtawa hakumwinua. Alisema kwa sauti ya chini, "Wengine nitawapa maji na wali, wataondoka. Huyu wako hataondoka kwa wali. Kuna jambo linamrudisha hapa. Wewe unalijua?"

Tomoyo alibaki paji la uso sakafuni mpaka giza likaingia.

Kesho yake, saa sita kasorobo, waliweka meza upenuni, ikielekea nje, si ndani kwenye madhabahu ya nyumba. Juu yake Myoen aliweka maji, na mchele mbichi uliochanganywa na matango na biringanya zilizokatwa vipande vidogo. Mayuko walimkalisha mahali pa baba yake, wamemfunga blanketi, kichwa kimemwangukia kifuani. Uzito wake ulikuwa wa mtoto wa darasa la nne. Mbele yake kiliwekwa kikasha, kimejazwa: wali, samaki wa kuchoma, yai la kukunja, figili za kuchacha, na tonge kwenye kichumba chake.

Mtawa alianza kusoma. Mvua ilikuwa inanyesha, kisha mlio wa mvua ukawa na miguu ndani yake. Chwa, chwa, chwa. Walikuja kwa harufu kwanza, kisha kwa baridi, karakana ikajaa watu wasioonekana mpaka pakawa hapana pa kupumulia, na kila Myoen alipotupa mchele na kunyunyiza maji kwa jani, kelele za kutafuna zilizagaa upenuni, zikigombana, zikilia kama vitoto vya mbwa, na mzee Isokichi akawa ameshika nguzo kwa mikono miwili.

Kisha Mayuko akainua kichwa. Macho yalikuwa yake. Sauti haikuwa yake.

"Tomoyo," ilisema. "Ongeza."

"Sasa," mtawa alinong'ona. "Mwambie."

Tomoyo alipiga magoti mbele ya kikasha.

"Usiku ule ulinicheka mbele ya wageni. Ulisema vikasha vyangu vinafanana na visahani vya sabuni, wakacheka wote, na mimi nikacheka pia, lakini sikulala. Asubuhi nilifunga kikasha kwenye kitambaa, nikafunga vizuri kabisa, nikakupa mlangoni. Sikutia kitu ndani. Kilikuwa kitupu, Tatsuo. Nilitaka ukifungue kule juu uone haya. Nilikupandisha mlima bila hata tonge."

Mzee Isokichi alitoa mguno kama mtu aliyepigwa kifuani. Miaka miwili alikula mezani na siri ile bila kuijua.

Kisha sauti ikasema, "Nilijua."

"Ulijua?"

"Nilikipokea mkononi, chepesi. Nilijua tangu mlangoni."

"Sasa kwa nini ulikwenda? Kwa nini hukunirudishia, hukunitukana?"

"Nilijisemea jioni nitarudi najikongoja, najifanya nimekonda. Tungecheka." Mvua ikasikika juu ya paa. "Njaa iliponishika nilikaa juu ya jiwe nikakifungua hata hivyo. Nilijisemea, namjua mke wangu, pengine katia tonge."

Tomoyo alipiga ukelele ambao majirani waliusikia nyumba ya tatu. Aliangukia miguu ya mtoto wake, ambayo ilikuwa ya baridi na imelowa, akaishika, akasema nisamehe, nisamehe, mpaka neno likapoteza maana. Mkono mdogo ukamgusa kichwani, mzito kama mkono wa mwanamume.

Isokichi ndiye aliyejikaza. Alisogea, akakaa mbele ya uso wa mjukuu wake na kuongea na mwanawe.

"Tatsuo. Mtoto wako anakufa. Unamwona?"

"Namwona, Baba."

"Basi nenda. Wachukue wenzako uende nao."

"Wananifuata mimi. Nikienda watakuja." Ikawa kama inaona aibu. "Lakini nina njaa, Baba."

Tomoyo alijifuta uso. Alichukua vijiti akaanza kumlisha: wali, samaki, yai, figili, kimoja baada ya kingine, na kinywa cha Mayuko kikatafuna upande wa kushoto, taratibu, midomo ile yenye malengelenge ikifunga na kufungua. Mwisho alikifunua kichumba cha pembeni, hewa ikalia fyuu, akalichukua tonge lile kwa vidole badala ya vijiti, na kulitia kinywani mwa mumewe.

"Usibakize," alimwambia. "Leo usibakize kitu."

Alipomaliza kumeza, mtawa aliashiria kwa macho. Mzee alimpa Tomoyo kisu cha kazi. Yeye ndiye aliyekipinda kikasha kile, na hapakuwa na mwingine wa kukifungua. Aliikata mishono ya gome la mcheri, mmoja, wa pili, wa tatu. Kila mshono baridi ikapungua chumbani. Ulipobaki wa mwisho alikisimamisha kisu.

"Kaa kidogo," alimwambia. "Dakika moja tu."

"Kata," ilisema sauti, kwa upole, kwa namna alivyokuwa akimwambia azime taa walale.

Akakata. Ubao wa hinoki ukajinyoosha kwa mlio mkavu, na miguu ile yote ikaondoka upenuni, chwa chwa chwa, ikipanda barabara ya mlimani, ile ya mbele ikiwa mizito na yenye hatua ndefu, hadi mvua ikaimeza.

Mayuko alilala mpaka kesho yake mchana. Alipoamka aliomba maji, na babu yake akampikia uji wa wali mwembamba wenye chumvi kidogo. Tomoyo alikaa pembeni ya godoro akimlisha kwa kijiko. Kijiko cha kwanza, cha pili, cha tatu, cha nne. Cha tano msichana aligeuza uso, akakisukuma kwa mkono wake mkavu.

"Basi, mama. Nimeshiba."

Neno lile walikuwa wamelingoja wiki sita. Mzee Isokichi alijifunika uso kwa taulo, mabega yakimtikisika. Tomoyo alitabasamu, akamfuta mtoto midomo, akamwambia umefanya vizuri, lala. Akachukua bakuli lenye uji uliobaki na kulipeleka jikoni. Alisimama penye sinki akafungulia maji mengi ili asisikike, akalia hadi akakaa chini. Mayuko alikuwa ameshiba, na Tatsuo hangekuja tena kula.